Mtu wa Kweli ni Yupi?

Masomo: Matendo ya Mitume 5:1-11, Yakobo 1:22-25

Leo nataka tufikiri pamoja juu ya usemi mmoja ambao siku hizi unasikika sana, hasa kwa vijana, lakini hata kwa wazee. Usemi wenyewe ni huu: "Mimi ndivyo nilivyo."

Tuseme mtu anasimama katika mkutano wa chama, anamtukana mwenzake mbele ya watu wote. Akiulizwa kwa nini, hujibu, "Mimi si mnafiki. Nimesema lililo moyoni mwangu." Kisha tuseme mtunza fedha wa chama hicho hicho hamtukani mtu. Yeye huwahi kufika, huwasalimu wote kwa upole, na ndiye aombaye sala ya kufungua mkutano. Lakini vitabu vyake havilingani na fedha zilizoko benki. Wa kwanza husema kwamba yeye ni mtu wa kweli kwa kuwa hafichi kitu. Wa pili, siku atakapogunduliwa, tutasema hakuwa mtu wa kweli, kwa kuwa alificha.

Je, yule wa kwanza ni mwema kwa sababu tu yuko wazi? Na kuwa mtu wa kweli ni kitu gani hasa? Swali hili si la kupoteza wakati. Ndoa huvunjika kwa ajili yake, vyama huanguka, na vijana wengi huliacha kanisa wakisema kwamba ndani yake wameona nyuso tu, hawakuona watu.

Uso wa bandia

Katika Agano Jipya, neno tunalolisoma "mnafiki" linatokana na neno la Kiyunani lililotumiwa kwa mchezaji wa maigizo. Wachezaji wa Kiyunani walivaa vinyago usoni. Mtu aliyeketi uwanjani aliona uso wa mfalme, na nyuma yake alikuwako mtu wa kawaida aliyelipwa kucheza. Hakuna aliyemlaumu mchezaji huyo, maana kila mtu alijua kwamba ni mchezo. Ubaya huanza pale mtu anapotoka na kinyago hicho uwanjani, akaenda nacho sokoni na nyumbani, na watu wasijue.

Wataalamu wa saikolojia, yaani elimu ya nia na tabia za watu, wameichunguza habari hii kwa miaka mingi. Mmoja wao alikuwa Mmarekani Carl Rogers, aliyezaliwa mwaka 1902 na kufariki mwaka 1987. Mwaka 1924 aliingia chuo cha theolojia cha Union huko New York, lakini baadaye akahamia masomo ya saikolojia. Kazi yake ilikuwa kuwasikiliza watu wenye taabu moyoni, na mwaka 1961 alitoa kitabu kilichojulikana sana, On Becoming a Person. Rogers alifundisha kwamba mtu huumia anapokuwa na mambo mawili yasiyopatana: moyoni ana hofu, usoni anaonyesha ushujaa, moyoni ana hasira, mdomoni ana maneno matamu. Alisema pia kwamba mtu hawezi kubadilika vema mpaka kwanza akubali kuona alivyo.

Mwaka 2006 wataalamu wengine wawili, Michael Kernis na Brian Goldman, waliligawa jambo hili katika sehemu nne. Ya kwanza ni kujijua: nguvu zako, udhaifu wako na tamaa zako. Ya pili ni kujipima bila kujipendelea, wala kujikuza wala kujidanganya. Ya tatu ni kutenda sawasawa na mambo unayoyathamini, badala ya kutenda ili usifiwe au kwa kuogopa watu. Ya nne ni kuwa wazi kwa wale walio karibu nawe, wakujue ulivyo.

Hebu ziangalie sehemu hizo vizuri. Kusema kila neno linalokuja mdomoni hakumo. Yule ndugu aliyetukana mkutanoni alitimiza labda robo moja tu, na hata hiyo kwa ubaya. Kama angejijua, angeuliza hasira ile imetoka wapi. Kama angejipima bila upendeleo, pengine angeona kwamba kilichomuuma si kosa la mwenzake, bali wivu. Hasira ni ya kweli, naam, ipo. Lakini hasira si yeye mzima.

Sarafu na kioo

Sasa tumrudie yule mtunza fedha. Watu wengi hudhani kwamba mnafiki anajua vema kuwa yeye ni mnafiki, na kwamba usiku hucheka akiwa peke yake. Wachache wako hivyo. Wengi hawako hivyo, na hapo ndipo penye hatari.

Katika chuo kikuu cha Kansas, Marekani, mtaalamu aitwaye Daniel Batson na wenzake walifanya jaribio ambalo matokeo yake yalitolewa mwaka 1997. Kila mwanafunzi aliambiwa kwamba kuna kazi mbili. Moja ilikuwa nzuri, ikiwa na nafasi ya kujipatia tiketi za bahati nasibu. Nyingine ilichosha na haikuwa na faida yoyote. Mwanafunzi huyo alipewa ruhusa ya kugawa: kazi moja aichukue yeye, nyingine aifanye mwenzake asiyemwona. Tena mwenzake hatajua ni nani aliyegawa. Mwanafunzi akaambiwa kwamba watu wengi huona ni haki kurusha sarafu, na sarafu akawekewa. Kisha akaachwa peke yake.

Karibu nusu yao waliirusha sarafu. Basi, ukirusha sarafu kwa haki, utashinda mara moja na kushindwa mara moja, kwa wastani. Lakini kati ya watu 10 walioirusha, 9 walijipa kazi nzuri! Sarafu haina upendeleo wa namna hiyo. Maana yake ni kwamba baadhi yao walirusha, wakashindwa, na bado wakajichukulia kilicho chema. Na neno la kushangaza zaidi ni hili: walioirusha sarafu walijiona kuwa wametenda haki kuliko wale ambao hawakuirusha kabisa.

Mmeona, wapendwa? Sarafu ile haikuwa ya kumdanganya mwenzao, kwa maana mwenzao hakuwapo. Ilikuwa ya kujidanganya wenyewe. Walitaka faida, na pia walitaka kujiona wema, bila kulipa gharama ya wema. Je, sisi hatuna sarafu zetu? Mtu huitisha kikao cha jamaa juu ya shamba la marehemu, na neno lenyewe amekwisha kulikata moyoni. Mwajiri hutangaza kazi gazetini, na mpwa wake amekwisha kupimiwa kiti. Kikao kilifanyika, tangazo lilitoka, na dhamiri ikalala usingizi.

Lakini Batson hakuishia hapo. Katika majaribio yaliyotolewa mwaka 1999, baadhi ya wanafunzi waliwekewa kioo mbele yao, hata wakati wa kugawa kazi walikuwa wakiuona uso wao wenyewe. Mambo yakabadilika. Kati ya wale walioirusha sarafu mbele ya kioo, nusu walijipa kazi nzuri na nusu wakampa mwenzao, kama sarafu ya haki inavyofanya. Hawakuhubiriwa. Hakuna askari aliyesimama mlangoni. Walijiona tu, na mtu anayejitazama machoni hupata shida kusema moyoni, "Mimi ni mtu wa haki," hali mkono wake unageuza sarafu.

Yakobo naye alitumia mfano wa kioo. Anamtaja mtu anayejitazama usoni, kisha akaenda zake akasahau alivyo. Kosa la mtu huyo si kwamba hakutazama. Alitazama, lakini hakufanya lolote kwa lile aliloliona.

Kinyago hushika uso

Labda utasema, "Mimi nitavaa uso wa bandia kazini tu. Moyoni najijua." Sikiliza jaribio jingine, la Leon Festinger na James Carlsmith, lililotolewa mwaka 1959. Wanafunzi wa chuo kikuu cha Stanford walipewa kazi ya kuchosha sana, kama kugeuzageuza vijiti vya mbao, kwa muda wa saa nzima. Kisha baadhi yao waliombwa wamwambie mwenzao anayengoja kwamba kazi hiyo inapendeza. Yaani, waliombwa waseme uongo. Wengine walilipwa dola 20, na wengine dola 1 tu.

Baadaye wote waliulizwa waliionaje kazi ile. Waliolipwa dola 20 walisema haikuwa na ladha. Wale wa dola 1 ndio walioisifu! Kwa nini? Aliyepata dola 20 alikuwa na sababu ya kuusema uongo wake; alijua ni kwa ajili ya fedha. Lakini aliyepata dola 1 hakuwa na sababu ya kutosha. Ilimuuma kujiona amedanganya kwa bei rahisi hivyo, basi akaubadilisha moyo wake ulingane na mdomo wake.

Ndugu yangu, uongo mkubwa tunaulipia kwa kukosa usingizi. Uongo mdogo mdogo, ule wa bei ya dola 1, unaingia bila kubisha hodi. Leo umesifu jambo usilolipenda ili umpendeze mkubwa. Kesho umenyamaza ili usiharibu urafiki. Baada ya miaka kumi hujui tena ni lipi ulilolipenda na lipi ulilolichukia. Kinyago kimeshika uso.

Nani aliyebadilika?

Sasa tuulize: chini ya vinyago hivyo vyote, ni kitu gani kinachomfanya mtu awe yeye? Ni kumbukumbu zake? Ni akili yake? Ni sura yake?

Nina Strohminger na Shaun Nichols walilichunguza swali hili kwa kuwauliza watu walioliona kwa macho yao. Katika uchunguzi wao wa mwaka 2015, waliwauliza watu 248 waliokuwa na mgonjwa katika jamaa. Wagonjwa walikuwa na magonjwa ya aina tatu. Wengine walikuwa na ugonjwa wa Alzheimer, ambao hufuta kumbukumbu. Wengine walikuwa na ugonjwa unaolegeza misuli, lakini kwa kawaida akili na tabia huachwa. Na wengine walikuwa na ugonjwa unaoharibu sehemu za mbele na za pembeni za ubongo, ambao mara nyingi hubadilisha tabia: aliyekuwa mpole huwa mkatili, aliyekuwa mwaminifu hukosa haya wala huruma.

Waliulizwa: "Je, unaona huyu bado ni mtu yule yule uliyemjua?" Waliosema zaidi kwamba hawamtambui tena walikuwa wale wa kundi la tatu. Mama aliyesahau majina ya wajukuu, lakini bado akawapapasa kwa upendo, aliendelea kuwa mama yule yule. Baba aliyekumbuka kila jina, lakini huruma ikamtoka, ndiye aliyeonekana kama mgeni katika nyumba yake mwenyewe. Kupotea kwa tabia njema kulimbadilisha mtu machoni pa jamaa zake kuliko kupotea kwa kumbukumbu.

Hapa nataka tuseme neno la kuwahurumia wanaouguza. Ukatili wa mgonjwa wa namna hiyo ni ugonjwa, wala hakukuchukia tangu zamani akakuficha. Usiache ugonjwa huo ukuibie baba uliyemjua.

Lakini tuone pia tulichofundishwa. Watu wanapomtafuta mtu wa kweli ndani ya mtu, wanautafuta wema wake. Mlevi akiacha pombe, twasema, "Sasa amejirudia." Mtu mwema akianza ulevi, twasema, "Huyu siye, amepotea." Hata sisi wenyewe tuko hivyo. William Fleeson na Joshua Wilt walionyesha mwaka 2010 kwamba watu hujisikia kuwa wao wenyewe hasa pale wanapotenda kwa upole, kwa bidii na kwa uchangamfu, hata wale ambao kwa asili si wapole wala si wachangamfu. Kwa hiyo, kujilazimisha kidogo kutenda mema si unafiki. Mtu mwenye hasira anayejizuia asimpige mtoto hajavaa uso wa bandia. Anapigana ili awe mtu wa kweli.

Lakini tujihadhari. Mwaka 2014 George Newman, Paul Bloom na Joshua Knobe walionyesha kwamba kila mtu huamua ni upi moyo wa kweli wa mwenzake kwa kufuata mambo ambayo yeye mwenyewe huyaona kuwa mema. Watu wenye siasa zinazopingana, wakimtazama mtu mmoja, watasema kila upande kwamba moyo wake hasa unakubaliana nao! Basi usiwe mwepesi wa kumwambia kijana wako, "Huyu siye wewe," kwa sababu tu amechagua kazi usiyoipenda, au mchumba wa kabila jingine. Pengine huyo ndiye yeye, na kinachokuuma ni kwamba hafanani nawe.

Kukiri, si kumwaga

Sasa fikirini habari za Anania na Safira mkewe. Wengi hudhani kosa lao lilikuwa kuzuia sehemu ya fedha za kiwanja. Sivyo. Petro alimwambia wazi kwamba kiwanja kilikuwa chake, na hata baada ya kuuzwa, fedha zilikuwa katika uwezo wake. Angeweza kuleta nusu na kusema, "Hii ni nusu." Hakuna ambaye angemlaumu. Alitaka sifa ya aliyetoa yote na raha ya aliyebakiza. Ilikuwa ile ile sarafu ya Kansas. Katika harambee zetu tumewaona wazao wake wengi.

Hapa Afrika ya Mashariki tuna historia yetu katika jambo hili. Miaka ya 1930, Uamsho ulitoka Gahini, Rwanda, na sehemu za Uganda, ukaingia Kenya. Watu wa Uamsho walisema juu ya kutembea katika nuru. Hawakusema tu, "Mimi ni mwenye dhambi," maana hata maneno hayo yanaweza kuwa kinyago kizuri. Waliitaja dhambi kwa jina lake, na wengi walirudisha vitu walivyoiba, hata kwa waajiri wao. Na wakati wa Hali ya Hatari, kati ya mwaka 1952 na 1960, wako miongoni mwao waliokataa kula kiapo cha Mau Mau, na pia wakakataa kushika bunduki ya serikali. Walichukiwa pande zote mbili, na wengine waliuawa. Ingekuwa rahisi kwao kuwa na nyuso mbili, ya mchana na ya usiku. Walichagua kuwa na mmoja.

Hata hivyo, katika Uamsho pia hatari ilikuwako. Ushuhuda unaweza kugeuka kuwa mashindano: nani alikuwa mbaya zaidi, nani amelia zaidi. Tena mtu anaweza kukiri hadharani jambo linalomwaibisha mwingine asiyekuwapo. Huko si kukiri, ni kumwaga uchafu mlangoni pa jirani. Anayekiri hutaja lake, hulitaja kwa yule aliyemkosea, na huwa tayari kulipa. Anayemwaga hutua mzigo wake juu ya kichwa cha mwenzake, kisha huenda zake mwepesi akisema, "Mimi nimesema ukweli."

Basi, wapendwa, tumjibu yule anayesema, "Mimi ndivyo nilivyo." Maneno hayo ni mwanzo mzuri na mwisho mbaya. Yakiwa mwanzo, ni maneno ya mtu anayekubali kujiona. Yakiwa mwisho, ni mlango uliofungwa. Mtu wa kweli hukiri alivyo, bila kujipamba, kisha hutembea kuelekea wema anaoujua, watu wamtazame wasimtazame.

Juma hili jaribu mambo matatu. La kwanza: kabla ya kuamua jambo ambalo wewe mwenyewe utapata faida, simama mbele ya kioo, ndiyo, kioo cha nyumbani, na ulitamke uamuzi wako kwa sauti. Ukishindwa kulitamka huku unajitazama, liache. La pili: tafuta uongo wako mdogo, ule wa dola 1, unaourudia kila siku, na uuache huo mmoja tu. La tatu: kama liko jambo ulilolificha linalomhusu mtu mwingine, mwendee yeye kwanza, si jukwaani. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Yule mtunza fedha angali na nafasi. Anaweza kuvileta vitabu vyake leo, kabla havijaitishwa. Atapoteza cheo, na kwa siku nyingi atapita njiani akiinamisha kichwa. Lakini jioni atakapofika nyumbani, atakayeingia mlangoni ni mtu mmoja, si wawili.

Tuombe. Ee Mungu, unayetujua kabla hatujajipamba, utupe ujasiri wa kujiona, unyenyekevu wa kukiri, na nguvu ya kutenda. Uwafariji wanaowauguza wapendwa wao ambao hawawatambui tena. Utufanye ndani na nje tuwe wamoja. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.